Tangi la saruji: shajara ya Fiano, Irpinia, 2023–2024

Mradi wenyewe ni tangi moja. Familia niliyoolewa inalima mizabibu kwenye vilima vya Irpinia, mkoa wa Avellino, kusini mwa Italia, na kila mwaka hutengeneza mvinyo mweupe wa Fiano kwa utaratibu uleule: chachu ya dukani, tangi la chuma linalopozwa, chujio, chupa. Shamba lina cheti cha kilimo hai siku nyingi. Wifi yangu akaja na hoja kwamba tunahangaika na kilimo hai huko nje, halafu tukifika ndani ya ghala tunafanya kama kila mtu. Akaomba tangi moja tu, lile kuukuu la saruji la hektolita 10, yaani lita 1,000: chachu itokane na zabibu zenyewe, kusiwe na chujio, salfaiti, dawa inayoukinga mvinyo na hewa na bakteria, iwe kidogo kadiri inavyowezekana. Baba mkwe alikubali kwa masharti mawili. Kila hatua iandikwe, na kila hatari iwekewe kiwango mapema, ili siku ya kuamua pasitokee mtu wa kubishana kwa hisia. Kuandika nimepewa mimi. Daftari la ghala ni la Kiitaliano. Haya ya Kiswahili ni ya ndugu zangu wa Dodoma wanaolima zabibu, maana tangu baba mdogo asikie habari hii simu zake haziishi.

Januari 2023

Tunapogolea. Theluji iko kwenye milima ya Partenio na mkasi wa chuma unauma vidole. Kipande cha mradi ni nusu hekta ya juu kabisa, karibu mita 550 kutoka usawa wa bahari, kinatazama kaskazini mashariki. Chini ni mfinyanzi na chokaa, juu yake kuna tabaka la majivu yaliyorushwa na Vesuvius katika milipuko ya kale. Ukichimba kwa jembe unayaona, mepesi na ya kijivu.

Fiano ni zabibu bahili. Punje ni ndogo, ganda nene, juisi haba, na ndiyo maana baada ya Vita vya Pili vya Dunia wengi waliing'oa wakapanda aina zinazozaa zaidi. Iliyookoka iliokoka kwa sababu ya watu wachache wakaidi, akiwemo Antonio Mastroberardino wa Atripalda. Leo Fiano di Avellino ni jina linalolindwa kwa sheria, la daraja la juu kabisa la Italia, DOCG, tangu 2003: zabibu zitoke kwenye vijiji vilivyotajwa, angalau asilimia 85 ziwe Fiano, na mavuno yasizidi tani 10 kwa hekta. Hilo la tani 10 halijawahi kutunyima usingizi.

Tunaacha macho machache kwenye kila mzabibu. Baba anapita nyuma yangu akikata tena nilipokata.

Aprili

Favino, jamii ya maharage tuliyopanda vuli iliyopita katikati ya mistari, imetoa maua. Tumeifyeka na kuilaza ioze palepale. Ndiyo mbolea yetu ya naitrojeni, pamoja na samadi kidogo. Wifi anataka naitrojeni hii kwa sababu ya chachu pia: juisi yenye njaa ya naitrojeni huchachuka kwa shida na kutoa harufu ya mayai viza, na kwenye tangi la mradi hatutaongeza chakula cha chachu cha unga.

Machipukizi yamefika sentimita 10. Hapa wakulima wana hesabu ya makumi matatu: machipukizi ya sentimita 10, joto la nyuzi 10, mvua ya milimita 10. Yakikutana yote, ubwiri vinyoya umeshapata mlango.

Mei

Yamekutana yote, na hayaachani.

Mvua inanyesha karibu kila siku. Mnaolima Makutupora mnaujua ubwiri vinyoya: madoa ya mafuta juu ya jani, ukigeuza unakuta ukungu mweupe. Kwenye kilimo hai silaha yetu ni shaba, kwa Kiswahili cha mashambani mrututu na jamaa zake. Shaba haiingii ndani ya mmea. Inakaa juu ya jani kama rangi, na mbegu ya ukungu ikitua juu yake inakufa. Mvua ikiosha, hakuna kinga. Jani jipya likichipuka baada ya kupuliza, halina kinga. Mwezi kama huu mzabibu unatoa jani jipya kila ukigeuka. Mkulima wa kawaida ana dawa zinazopenya ndani ya mmea na zinamkinga hata mvua ikinyesha. Sisi tunasubiri mwanya, trekta linateleza kwenye matope, tunapuliza, jioni inanyesha, tunarudi.

Juu ya hayo kuna mpaka wa sheria. Umoja wa Ulaya unaruhusu kilo 28 za shaba kwa hekta katika miaka saba, yaani wastani wa kilo nne kwa mwaka. Mpaka huo upo kwa sababu nzuri, shaba haiozi, inabaki ardhini na kuwasumbua minyoo na vijidudu vya udongo. Watu wanaodhani kilimo hai maana yake hakuna kinachopulizwa waje wasimame hapa mwezi wa tano.

Kipande cha juu kina mteremko mkali mno kwa trekta likilowa, kwa hiyo huko tunabeba bomba mgongoni.

Juni

Ukungu umeingia kwenye vichala. Kichala kilichoshambuliwa wakati wa maua kinageuka kahawia, kinajikunja, kinakauka. Baba anasema tangu alipoanza kushika mkasi hajaona mwaka kama huu, na majirani wazee wanasema hivyohivyo. Habari kutoka Abruzzo, Molise na Puglia ni mbaya zaidi. Jirani mmoja wa kilimo hai amepuliza dawa ya kupenya ndani na kukiacha cheti. Ana mkopo, simlaumu hata kidogo.

Mezani kulikuwa na kikao. Shaba tuliyotumia imeshapita kilo tano kwa hekta, kwa hiyo miaka ijayo tutabana. Mume wangu aliuliza kama mradi uahirishwe hadi mwaka wenye afya. Hoja yake ina uzito: mvinyo usioongezewa kitu unataka zabibu safi kuliko mvinyo mwingine wowote, na mwaka huu zabibu safi ndizo adimu. Wifi akajibu kwamba uzuri wa Fiano ni ganda lake nene, punje zilizopona zimepona kweli, na ubwiri vinyoya unakausha punje badala ya kuziozesha. Kilichokauka tutakitoa kwa mkono. Baba akasema mradi uendelee, lakini siku ya mavuno yeye ndiye atakayesimama kwenye meza ya kuchambulia.

Julai

Mvua imekata ghafla na joto limepanda kupita kiasi. Sasa ni zamu ya ubwiri unga, na dawa yake ni salfa ya unga. Tunairusha alfajiri, maana jua likizidi nyuzi 30 salfa hiyohiyo inaunguza majani. Salfa si mgeni huku. Pale Tufo, kijiji kinachoupa jina mvinyo mwingine mweupe wa mkoa huu, Greco di Tufo, yapo machimbo ya salfa ya tangu karne ya 19, siku hizi yamefungwa.

Majani upande wa jua la mchana hatuyagusi, yawe kivuli cha vichala.

Agosti

Nguruwe pori. Wanajua siku sukari inapoingia kwenye punje kabla ya mtu mwenye kipimo. Tumezungusha uzio wa umeme.

Septemba, mwishoni

Wiki moja kabla ya mavuno tunatengeneza kianzio. Tumechuma zabibu safi kutoka mistari mbalimbali ya kipande cha juu, tumezikanyaga, juisi tumeigawa kwenye madumu matatu ya kioo na kuyaweka penye joto. Lengo ni kuona ni chachu gani zinaishi shambani. Zinazoanza kazi kwa kawaida ni zile dhaifu, zenye kelele na harufu, ambazo hufa kileo kikifika asilimia nne au tano. Baadaye ndipo Saccharomyces, chachu yenyewe ya mvinyo, inashika usukani.

Dumu la kwanza linanuka rangi ya kucha. Limemwagwa, bila majadiliano. La pili ni safi ila linakwenda kwa kujivuta. La tatu lina harufu ya mkate na pea, linachemka vizuri, na tumeanza kulilisha juisi mpya kila jioni. Hilo ndilo litakaloanzisha tangi.

Wapo watengenezaji wanaosema kianzio nacho ni kuingilia, kwamba uache tangi lijianze lenyewe. Mimi naona ni kucheza kamari na jasho la mwaka mzima. Dumu la kwanza lingekuwa hektolita 10 tungefanya nini?

Viwango tulivyokubaliana vimebandikwa mlangoni kwa mwandiko wa Baba. Tindikali ya siki ikipita gramu 0.6 kwa lita kabla sukari haijaisha, tunaweka chachu ya dukani. Sheria inaruhusu mvinyo mweupe ufike gramu 1.08, lakini Baba anasema hapo ni pa kisheria, si pa kunywa. Uzito wa juisi, ambao hushuka sukari inapogeuka kileo, ukigoma kushuka kwa juma zima, kikao. Harufu ya mayai viza, tunahamisha juisi kwa kuipitisha hewani, na isipotoka, kikao tena.

Oktoba

Mavuno yamefanyika tarehe za mwanzo, asubuhi zenye ukungu wa bondeni. Kipande cha juu kimetoa kilo 1,100 tu. Tangi la mvinyo usio na kinga haliwezi kukaa na nafasi tupu juu, hewa ndiyo inayouua, kwa hiyo tumejazia kilo 600 za Fiano ya kipande kinachofuata chini yake. Wifi alinuna kidogo, alitaka tangi liwe la kipande kimoja. Tangi halijui mipaka ya shamba, Mama mkwe akamwambia.

Meza ya kuchambulia ilikuwa ya Baba kweli. Punje iliyokauka, nje. Punje iliyopasuka, nje. Kichala kimoja alikirudisha kwangu nikitoe moyo wake uliooza. Kazi ya asubuhi moja ikala siku nzima.

Vichala vizima viliingia kwenye mashine ya kukamulia ya puto, mgandamizo mdogo, taratibu. Usiku juisi ilitulia kwa baridi ya nje, taka zikashuka, asubuhi tukaipeleka kwenye saruji na kumimina kianzio. Uzito: 1,094. Yaani lita moja ya juisi ina gramu 1,094, na nyingi ya ile ziada juu ya maji ni sukari. Ikichachuka yote, tutapata kileo cha asilimia 13 hivi.

Wiki ya kwanza uzito ulishuka kila siku kwa mpangilio. Saruji haina mfumo wa kupoza, lakini kuta zake nene hazipashi haraka, na joto la ndani halikupita nyuzi 22. Harufu ya mayai viza ilikuja siku moja, tukahamisha, ikaondoka.

Kisha ikasimama. Ikafika 1,004 ikakaa. Gramu kadhaa za sukari zimebaki, usiku umekuwa wa baridi, chachu zimechoka. Hii ndiyo hali mbaya kuliko zote: sukari ipo, chachu hazifanyi kazi, na bakteria wanaipenda sukari hiyohiyo na kuigeuza kuwa siki. Tindikali ya siki, gramu 0.41.

Kwenye tangi la chuma, Fiano ya kawaida inachachuka kwa furaha. Mume wangu akapendekeza ndoo mbili za mashapo yake, yamejaa chachu hai. Wifi akakataa, ile ni chachu ya dukani, mradi utakuwa umekwisha. Mimi nilikuwa upande wa mume wangu. Mvinyo ukiharibika hakuna atakayeuliza chachu ilizaliwa wapi. Baba hakuunga mkono upande wowote. Alikwenda mlangoni, akasoma karatasi yake kwa sauti: juma halijatimia, siki haijafika 0.6. Akafunga milango ya ghala, akaleta jiko la kuni, akakoroga mashapo kwa mti mrefu asubuhi na jioni ili chachu zilizolala chini zirudi juu.

Mnamo siku ya tano uzito ukasogea. 1,002. Halafu 999. Mwisho wa mwezi 992, sukari imekwisha, siki 0.47.

11 Novemba

Siku ya San Martino, ambapo kwa desturi ya Italia mvinyo mpya huonjwa. Uko na ukungu kama maji ya mchele. Harufu ya pea, hazelnuti mbichi za Avellino na kitu kama asali isiyo na utamu. Mdomoni ni mkali bado. Ule wa chuma, uliowekwa kando yake, ni mwepesi na mzuri na wa kueleweka. Mama mkwe alimaliza wa chuma, akarudia wa saruji, hakutoa maoni.

Baadaye mwezi huohuo, tarehe 23, kijiji kilikumbuka tetemeko la 1980, lililoua karibu watu 3,000 katika Irpinia na Basilicata. Ghala hili lilijengwa upya baada ya siku ile, na tangi la saruji ni la ujenzi huo.

Januari 2024

Mkaguzi wa kilimo hai amekuja. Alitaka stakabadhi za shaba, akalinganisha na daftari la kupuliza, akapima masalio ghalani. Amechukua sampuli ya mvinyo.

Baba mdogo amepiga akiuliza salfaiti tumetia ngapi. Mpaka leo, sifuri. Tangu 2012 sheria ya Ulaya inauruhusu mvinyo mweupe mkavu wa kilimo hai miligramu 150 kwa lita, wa kawaida 200. Sisi tunalenga kubaki chini ya 50. Kutotia kabisa? Wapo wanaofanya hivyo vizuri, lakini wengi zaidi wanauza siki ya bei ghali. Na chachu zenyewe hutengeneza salfaiti kidogo wakati wa kuchachuka, kwa hiyo chupa nyingi zinazojisifu hazina kitu zinacho.

Tusichoweza kufanya sasa ni kutia chupani. Mvinyo bado una tindikali ya mali, ileile ya tufaha bichi, na bakteria wanaoitafuna wamelala kwa baridi. Ukifunga chupa bila kuchuja, joto la kiangazi litawaamsha humo ndani na vizibo vitaruka. Kwa hiyo tunasubiri wafanye kazi yao ndani ya tangi. Ni miezi ya hatari, mvinyo hauna kinga ya gesi ya kaboni itokanayo na kuchachuka wala ya salfaiti. Tunajazia kila juma hadi shingoni kutoka kwenye dumu la akiba, na kila chombo kinachogusa mvinyo kinaoshwa kwa maji ya moto mpaka mikono inanuka mvuke.

Takwimu za nchi zimetoka: Italia imepata hektolita milioni 38 hivi, uchache ambao haujaonekana kwa zaidi ya miaka 70.

Aprili

Ghala limepata joto na tangi linanong'ona. Tunadondosha matone kwenye karatasi ya kupimia kila baada ya siku kadhaa na doa la tindikali ya mali linafifia. Mwishoni mwa mwezi halionekani. Ukali umepungua, mdomo umekuwa mpana. Tukahamisha, tukaacha mashapo mazito, tukatia miligramu 30 za salfaiti. Wifi alipima mwenyewe, kwa mizani ya dhahabu.

Juni

Ili mvinyo ubebe jina la Fiano di Avellino, sampuli ya tangi hupimwa maabara na kuonjwa na jopo. Majibu ni matatu: unafaa, urudiwe, haufai. Wetu umepewa urudiwe. Sababu: haujawa mng'avu. Kwenye harufu na ladha hawakuwa na la kusema.

Kikao kilichofuata kiliwageuza watu. Mimi nilidhani wifi ndiye atakayesema jina tuliache, tuuze kama mvinyo mweupe mtupu, kama wanavyofanya wengi wa mkondo huu wa mvinyo usioongezewa kitu. Yeye alitaka jina. Kile kipande cha juu, alisema, kilibaki na Fiano wakati wengine waking'oa, sasa eti tukiite mvinyo mweupe tu? Baba ndiye aliyesema jina tuliache, chupa zenyewe elfu moja na kitu, wateja wanatujua. Chujio halikutajwa na yeyote. Ikaamuliwa uachwe utulie kiangazi chote, sampuli irudishwe Agosti, na ikikataliwa tena tunauza bila jina. Zaidi ya hapo haiwezekani, tangi lazima liwe tupu kabla ya mavuno.

Agosti

Ng'avu, si kama kioo lakini ng'avu. Umefaa.

Septemba

Tumetia chupani mwezi ukiwa unapungua, katika siku yenye anga safi, kwa amri ya Baba. La mwezi simbishii. La anga naliona lina mantiki: kanieneo ya hewa ikishuka, gesi iliyoyeyuka huachia na kuinua mashapo, ikipanda yanatulia. Chupa 1,200 na ushei. Salfaiti yote kwa jumla miligramu 44. Siki 0.52.

Kwa Hombolo na Mpunguzi, nimemjibu baba mdogo hivi. Karatasi ya mlangoni ichukueni ilivyo, pamoja na maji ya moto na kianzio cha madumu matatu, maana havigharimu kitu. Kujinyima salfaiti msikuige. Joto la Dodoma wakati wa kuvuna halifanani na la hapa, Chenin Blanc ikiiva juani hupoteza tindikali, na tindikali ikipungua salfaiti hiyohiyo inapungua nguvu huku bakteria wakistawi. Nanyi mnavuna mara mbili kwa mwaka. Anzeni na zao la kiangazi, lile la Agosti na Septemba. Zao linalokua kwenye mvua litawaletea Mei yetu ya 2023.

Bei bado haijakubaliwa. Wifi anataka mara mbili ya ule wa chuma, Baba anataka nyongeza ya euro tatu tu juu yake. Tangi limeoshwa, na mwaka huu kipande cha juu kina zabibu za kulijaza peke yake.